Suruali Yangu na Moyo wa Baba Mkwe

Mimi nimeaibika mara nyingi, hilo nalikubali mapema ili mtu asije akanikatiza hapa katikati kunikumbusha ile ya harusi ya Abdi wala ile ya mbuzi wa jirani, lakini aibu ya siku ya ngazi ni nyingine kabisa, kwa sababu zile zote nikizisimulia nacheka pamoja nanyi mpaka mwisho, na hii huwa naianza nikicheka na kila mara nafika mahali sauti inakataa. Basi chekeni mapema. Mimi ndiye yule dresa, mfunga vidonda wa kliniki, aliyepasukiwa na suruali mbele ya baba mkwe wake. Ndiyo, ni mimi, na nyinyi wa mtaa wa Bondeni mnaojifanya ndiyo kwanza mnasikia, mnajua vizuri sana.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nafanya kazi kwa daktari mmoja Mhindi mwenye kliniki yake hapa mjini Nakuru, mtu mwembamba, mpole, asiyependa makelele, na kazi yangu ilikuwa kuosha vidonda, kufunga bendeji, kuchemsha sindano na kuwaambia watu wakae vizuri kwenye benchi wasisukumane. Kazi ya heshima, msinione hivi. Halafu ikaja mashine ya moyo. Lo! Ilikuja kwa gari la moshi imefungwa kwa majani makavu kama mayai, sanduku la mbao lenye vifundo na nyaya, na ukiichomeka kwenye umeme lazima uingoje ipate moto kwanza, ndipo kile kisindano chake kianze kuchora moyo wa mtu kwenye utepe wa karatasi, vilima na mabonde, vilima na mabonde. Siku ya kwanza daktari aliijaribu kwangu mimi. Jioni ile nilipita Bondeni kama kwamba mashine nimeitengeneza kwa mikono yangu, na aliyeniuliza habari za nyumbani nilimjibu habari za moyo wangu.

Sasa sikilizeni, maana msipoelewa hapa hamtaelewa kwa nini nalia mbele huko. Daktari alisema moyo ambao mishipa yake imebana unaweza kukudanganya. Ukimlaza mgonjwa akatulia, karatasi inatoka safi, hana neno. Kwa hivyo anapimwa kwanza akiwa amelala, halafu anapandishwa ngazi na kushushwa, anapandishwa na kushushwa, mpaka moyo udai damu zaidi, na akishuka tu mara ya mwisho analazwa pale pale na kupimwa tena. Kama mishipa inayoulisha moyo imebana, ule mstari ulio kati ya kilima na kilima unazama chini, na daktari anajua. Lakini ni lazima uwahi. Neno hili alinirudia kila siku kwa Kiswahili chake: "Hamisi, moyo nasahau upesi. Wewe chelewa kidogo, yeye nasahau yote, karatasi nakuja safi." Ndiyo maana vile vibati vya kushikia nyaya, tulivyofunga mikononi na miguuni kwa mikanda ya mpira, hatukuvivua mgonjwa akipanda ngazi, tulichomoa nyaya tu, na kifuani daktari alitia alama kwa dawa ya zambarau ili tusipoteze muda kutafuta mahali. Kazi yangu mimi ilikuwa moja: mgonjwa akishuka, nikimbie nirudishe nyaya. Hiyo tu, jamani.

Ngazi yenyewe ilikuwa ya mbao, fundi seremala aliichonga kwa vipimo vya kwenye kitabu cha daktari, unapanda upande huu, unateremkia upande ule, unageuka, unarudi. Na kwa kuwa chumba kilijaa kitanda na mashine, ngazi ikawekwa mlangoni, mbele kabisa ya benchi la wagonjwa, kwa hivyo kila aliyepimwa moyo alipimwa hadharani na watu walifika kutazama hata kama hawaumwi kitu.

Baba mkwe wangu ni Mzee Athumani, fundi cherehani, asili yake pwani lakini Nakuru alikaa mpaka akaacha kulalamikia baridi. Alishonea kwenye baraza ya duka la vitambaa, na hakuna Mzungu wa shamba wala karani wa reli aliyevaa suti yake akatoa kasoro. Mimi hakunichukia, nisimsingizie, ila hakuwahi kunitazama usoni zaidi ya salamu, maana alitaka binti yake aolewe na fundi mwenzake, siyo na mtu wa kuosha usaha. Mzee huyu maisha yake yote alikuwa na haja moja, kwenda Makka, na mwaka ule safari ikawa tayari, gari la moshi mpaka Mombasa, kutoka hapo meli, yeye na rafiki yake Bakari Kinyozi. Lakini alikuwa ameanza jambo. Akipanda kutoka Bondeni kuja mjini, anasimama njiani kuwasalimia watu asiowajua. Anasimama, anashika kifua kidogo, anamwuliza mpita njia habari za watoto, mpita njia anashangaa, mzee anaendelea. Alisema ni gesi. Mkewe, Bi Mwana, alimtazama wiki nzima halafu akasema, "Makka ni kutembea, mume wangu. Hutoki hapa mpaka moyo wako upimwe. Ukiwa mzima, nenda. Ukiwa mbovu, Mungu anaijua nia yako, utabaki." Na mzee akampa ahadi. Kwa hivyo safari yake, na uhai wake ndani ya safari, vikawekwa kwenye ule utepe wa karatasi.

Mke wangu Mwanaidi aliposikia akaniambia, "Baba Fatuma, siku hiyo omba ruhusa, usiwepo. Baba atavuaje nguo mbele yako? Mkwe ni mkwe." Nikamwambia nisipokuwepo nani atafunga nyaya? (Daktari angezifunga mwenyewe, alikuwa na mikono miwili kama watu wengine.) Ukweli ni kwamba nilitaka mzee anione. Nilitaka aone mkwewe siyo mtu wa usaha tu, ni mtu wa mashine.

Na mtu wa mashine anahitaji suruali. Sasa oneni upumbavu wa heshima zetu: fundi bora wa suruali Nakuru nzima ni baba mkwe wangu, na ndiye fundi pekee nisiyeweza kumwendea, kwa sababu atanipimaje? Mkwe akupitishie utepe kiunoni, akuteremshie mguuni kwa ndani? Lahaula! Tangu nioe nilikuwa nashonewa na mafundi wa mtaa wa pili kwa kujificha, na safari hii nikamwendea mwanafunzi mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza, nikamwambia ibane kidogo, ndiyo fasheni. Akaibana. Mwanaidi alinitazama nikiivaa akaniambia, "Ukikaa, kaa polepole."

Asubuhi ile upepo wa ziwani ulikuwa unaleta lile vumbi jeupe la magadi, watu wameingia ndani kulikimbia, benchi limejaa. Yupo mama mmoja wa Njoro mwenye mguu uliovimba, wapo vijana wa reli, wapo na wale wa kutazama tu. Mzee akaingia na kanzu yake safi, shali begani, na Bakari Kinyozi nyuma yake anaongea tangu barabarani (Bakari hajawahi kunyamaza, hata akikunyoa unaondoka na habari kuliko nywele). Nikamwamkia, mzee akaitikia akiutazama mlango.

Kumpima amelala kulikuwa mtihani wa kwanza. Alivua kanzu akabaki na fulana na kikoi, mimi nikafunga vibati mkono wa baba mkwe wangu nikitazama kalenda ukutani, nikafunga vya miguuni nikitazama kalenda, mpaka daktari akaniuliza, "Hamisi, leo tarehe ngapi?" na mzee, wallahi, nilimwona midomo ikicheza kama mtu anayezuia kicheko. Nikafurahi moyoni. Karatasi ikatoka safi, vilima na mabonde, mstari umenyooka. Daktari akatingisha kichwa akasema vizuri, sasa ngazi.

Mzee akavaa kanzu tena, maana hapandi ngazi na kikoi mbele za watu, akaacha shali kwenye kiti. Akaitazama ile ngazi, akanitazama mimi, akaniuliza, "Hii ndiyo safari yenyewe?" Watu wakacheka kwa heshima. Daktari akaanza kumweleza, "Mzee, wewe panda, wewe shuka, kifua ikiuma sema, simama." Yangeishia hapo. Mzee ameelewa, daktari ameeleza, hakuna aliyenihitaji. Lakini mimi, kwa kuwa nimeulizwa swali mbele ya benchi zima na baba mkwe wangu, nikasema, "Ngoja nikuonyeshe, baba." Hilo ndilo neno lililoniponza.

Nikapanda. Nikateremka. Nikageuka kwa madaha, nikapanda tena, daktari anasema, "Basi, yeye naelewa," mimi naongeza mwendo, Bakari anapiga makofi, na niliponyanyua mguu mara ile ya mwisho nikasikia sauti. Trrrr. Watu hawakuisikia, Bakari alikuwa na kelele, lakini mzee aliisikia, maana fundi cherehani haambiwi sauti ya mshono ukiachia. Alinitazama mara moja, akainua macho darini. Nikajipapasa nyuma. Jamani, haikuwa imefumuka, ilikuwa imekwisha, kutoka kiunoni mpaka mnapopajua. Na ndani, nisameheni, nilivaa chupi aliyonishonea mke wangu kwa kitambaa cha mfuko wa unga wa ngano (wengi mlivaa, msinitolee macho), na mfuko ule ulikuwa na picha ya punda mwekundu, na Mwanaidi kwa kutotaka kupoteza kitambaa alimweka punda mzima mzima pale nyuma.

Nikarudi kinyumenyume mpaka ukutani, nje ya mlango wa chumba, nikauegemea ukuta kama mtu anayepumzika. Daktari akaniita, "Hamisi, simama karibu mashine." Nikamjibu, "Naona vizuri kutoka hapa, daktari." Alikuwa anatazama saa yake, hakubishana. Mzee akaanza kupanda.

Hapa ndipo ninapojilaumu, kwa sababu mimi nilikuwa nimefundishwa kumtazama mgonjwa, rangi ya uso, jasho, mkono ukienda kifuani, na nilichokuwa nikitazama ni benchi. Nani ameona? Yule mama wa Njoro ameona? Mbona kijana wa reli anatabasamu? Jasho langu linateremka mgongoni, mikono yangu nyuma inashika vipande viwili vya suruali, na baba mkwe wangu anapanda na kushuka mbele yangu, anapanda na kushuka, nami simwoni. Nilisikia tu pumzi zake, nikasema moyoni huyu mzee apande zaidi, aendelee kupanda, maana akimaliza itanibidi niondoke hapa ukutani.

Akamaliza. Daktari akamshika mkono, akasema, "Lala, mzee, upesi! Hamisi, nyaya!"

Mtu mwingine angekimbia, punda na aonekane. Mimi nikaingia chumbani kinyumenyume, uso kwa benchi, natabasamu, hatua kwa hatua, daktari anapiga kelele, "Upesi, upesi!" nami naongeza mwendo wa nyuma, kisigino kikanasa kwenye waya wa umeme, waya ukachomoka ukutani, taa ya mashine ikazimika, nikajipindua nisiiangukie mashine, nikaanguka kifudifudi, na mlango uko wazi. Punda akatazamana na benchi zima.

"Woi!" yule mama wa Njoro akalia. "Ni punda!"

Basi. Kile kicheko nakisikia mpaka leo. Vijana wa reli walipiga benchi kwa viganja, Bakari aliketi chini kabisa kwenye sakafu, na waliokuwa barabarani wakaingia kuuliza kuna nini wakaonyeshwa. Mimi nimelala pale pale, sijui niinuke vipi, maana kila namna ya kuinuka ilikuwa mbaya kuliko kulala. Na ndipo nikaona miguu ya mzee mbele ya uso wangu, vibati bado vimefungwa, na nikaona magoti yake yakishuka. Daktari anamvuta, "Mzee, acha yeye, lala! Lala!" Mzee akajitoa mkono wake. Alikuwa amechukua shali lake kitini. Akalipitisha kiunoni mwangu, akalifunga, fundo la kwanza likamtoka, akalifunga tena, na mikono yake ilikuwa inatetemeka na ya baridi, na mimi nikadhani ni hasira. Akasema kwa sauti ndogo, "Bakari, funga mlango." Halafu hakuinuka. Alibaki ameketi sakafuni pamoja nami, jasho linamtiririka kwenye paji la uso, nikadhani ni aibu yangu inayomtoa jasho.

Mlango ukafungwa. Daktari akachomeka waya, na mashine, kama nilivyowaambia, lazima uingoje ipate moto. Tukaingoja. Watatu sisi, nje watu bado wanacheka. Mzee alikuwa amelala kitandani sasa, macho amefumba, na pumzi zake taratibu zikawa zinarudi chini, zinatulia, na daktari anaitazama mashine, anamtazama mzee, anaitazama mashine, kama mtu anayeona maji yakimwagika na hana chombo. Sindano ilipoanza kuchora, karatasi ikatoka safi. Vilima na mabonde, mstari umenyooka. Sawasawa na ya kwanza.

Daktari akaziweka karatasi mbili pamoja, akasema, "Hii mimi hapana penda. Sisi nachelewa sana. Mzee, kifua iliuma?"

Mzee akafumbua macho. Akanitazama mimi, nimesimama kando ya mashine nimevaa shali lake kama mwanamke aliyetoka kisimani, na kwa mara ya kwanza tangu nioe binti yake alinitazama usoni muda mrefu. Akasema, "La. Nimechoka tu."

"Rudi tena wiki kesho, tunapima upya."

"Karatasi inasema nini, daktari?"

"Karatasi safi, lakini..."

"Alhamdulillahi," mzee akasema, akaanza kuvua vile vibati mwenyewe.

Kesho yake Mwanaidi (aliyekuwa amecheka mpaka nilipofika kwenye habari ya daktari, ndipo akaacha) alinisukuma niende kwa baba yake nikamwombe arudi kupimwa. Nikaenda barazani kwake. Njiani tayari nilikuwa nimeitwa Punda na watu wasionijua. Mzee alikuwa anashona, hakuacha kukanyaga cherehani. Nikamwambia, "Baba, daktari amesisitiza, jana tulichelewa, karatasi haiaminiki." Akauliza, "Nikija, wewe utakuwepo?" Nikamwambia ndiyo, mimi ndiye wa nyaya. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Mji mzima unataka kukuona ukisimama kando ya ile ngazi. Nikirudi, benchi litajaa mpaka barabarani. Sitakupeleka wakakucheke mara ya pili, mwanangu. Karatasi imekwisha kusema."

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo. Na mimi, wenzangu, nilifurahi. Nilifurahi kwa lile neno, na nilifurahi zaidi kwamba hatutarudi pale mlangoni na ile ngazi mbele ya watu. Ningeweza kumwambia, baba, wacha wacheke, mimi nitatembea uchi Nakuru nzima lakini wewe upimwe. Ningeweza kumwambia daktari tumpime mlango ukiwa umefungwa, ngazi tuibane hata ubavuni mwa kitanda. Sikusema. Nilimwambia daktari kwamba mzee amekataa, na ilikuwa kweli. Na Bi Mwana aliponiita jikoni kwake akaniuliza, "Hamisi, wewe ndiwe mjuzi wa ile mashine, mimi sijui kitu. Moyo wake mzima?" nilimjibu, "Karatasi ilitoka safi, mama." Hiyo pia ilikuwa kweli. Akashusha pumzi, akanikatia mkate wa sinia.

Siku ya kuondoka tulikwenda stesheni sote. Nilikuwa nimelifua lile shali na kulipiga pasi, nikampa, akalivaa begani. Hatukuzungumza habari ya ngazi hata kidogo. Alinishika bega akaniambia nimtunzie watu wake, akapanda gari, na nilimwona akisimama pale mlangoni mwa behewa kwanza, ameshika chuma, anamwuliza mtu asiyemjua habari za watoto. Nikapunga mkono.

Gari lilipokwisha pinda, Bi Mwana akatoa kifurushi ndani ya buibui. "Alisema nikupe akishaondoka, usije ukaona haya." Nyumbani nikakifungua. Suruali. Kijivu, kitambaa kizuri kile alichokuwa akiwashonea makarani wakubwa. Hakuwahi kunipima, hata kidole hakunigusa zaidi ya siku ile ya shali, amenikata kwa macho tu, na nilipoivaa ilinikaa kama nilizaliwa nayo, kiuno changu, urefu wangu, na nyuma ameniachia nafasi. Mshono umepigwa mara mbili. Mwanaidi alicheka mpaka machozi, nami nikacheka, tukasema mzee akirudi tutamfanyia karamu.

Aliyerudi ni Bakari. Alirudi amenyamaza, na Bakari akinyamaza huna haja ya kuuliza. Watu wakajaa nyumbani kwa mzee, na kila anayeingia anatoa pole na hongera pamoja, kwamba amefia mahali pema, amezikwa Makka, nani hataki, amepata bahati. Nami nasema amina, amina. Nilikuwa nimevaa ile suruali.

Bakari akaniita uani. Akaniambia mzee alitufu Kaaba vizuri, akaanza ile ya vilima vya Safa na Marwa, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akiwa na zile shuka mbili nyeupe mwilini (fundi mzima, mahali ambapo mwanamume havai nguo yenye mshono), na katikati akasimama kumsalimia mtu. Akashika kifua, akaketi chini, hakuinuka tena. "Alikishika vile vile kama siku ile ya ngazi," Bakari akasema.

Nikamwuliza, "Siku ile ya ngazi alishika kifua?"

"Hukumwona? Ulikuwa umeegemea ukuta mbele yake."

"Wewe ulimwona?"

Bakari akaangalia chini. "Mimi nilikuwa naangalia suruali yako, Hamisi. Nilimwona, na sikumwona. Nilikuwa nacheka." Akajifuta uso kwa kofia. "Nilimwuliza melini, mbona hukumwambia daktari? Akasema, kiliuma sana, Bakari, nilitaka kulala. Lakini mkwe wangu yuko chini, watu wote wanamcheka. Nilale kitandani nimwache hivyo?"

Nililia, jamani. Nililia pale uani kwa sauti, mbele ya watu wote waliokuja matangani, na hakuna aliyecheka, na ningetoa chochote ili wanicheke. Nilipomaliza kumweleza Mwanaidi yote, hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikwambia usiwepo," akaenda kumlaza mtoto.

Kwa daktari niliendelea kukaa miaka. Ngazi tuliihamishia ndani, mimi mwenyewe nilitoa kabati ili ienee, na mlango ulikuwa unafungwa. Wagonjwa walinikasirikia kwamba nawatolea macho wakipanda, kwamba nawauliza kifua, kifua, kila hatua, mpaka mmoja akaniuliza kama nina kichaa. Na akishuka mtu, narudisha nyaya kwanza, hata nyumba ikianguka. Punda waliendelea kuniita mpaka wakachoka wenyewe, sikuwahi kumkasirikia hata mmoja, na suruali ya kubana sijavaa tena wala sitavaa.

Ile ya kijivu ninayo. Naivaa siku za Idd tu, chini ya kanzu, na msikitini nikiinama kwenye rukuu nasikiliza kama mshono utaachia. Hauachii.